Kutoka Jina la Ukoo hadi Kitenzi: Boycott katika Sentensi za Kiingereza

Makala hii inachunguza namna Boycott, jina la ukoo lililo adimu hata Uingereza, lilivyogeuka kitenzi cha kawaida katika Kiingereza. Hoja inayotetewa ni kwamba mabadiliko hayo ya kisarufi yalihifadhi jina la aliyegomewa na kuyaacha nje majina ya waliogoma.

Charles Cunningham Boycott alizaliwa Norfolk mwaka 1832, katika familia iliyokuwa ikiandika jina lake Boycatt. Mwaka 1880 alikuwa wakala wa Lord Erne, mwenye ardhi karibu na Lough Mask, kaunti ya Mayo, Ireland. Baada ya misimu ya mavuno mabaya, wapangaji walidai kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Mwenye ardhi alikubali asilimia 10 tu. Tarehe 19 Septemba, Charles Stewart Parnell aliuhimiza umati mjini Ennis umtenge yeyote atakayetwaa shamba la mpangaji aliyefukuzwa. Siku chache baadaye hati za kuwafukuza wapangaji zilipoanza kupelekwa Lough Mask, wakazi waliupanua ushauri huo ukamwangukia wakala mwenyewe. Vibarua waliacha mashamba yake na wenye maduka wakakataa kumuuzia bidhaa. Mwezi Novemba, wavunaji wapatao 50 kutoka Cavan na Monaghan waliletwa chini ya ulinzi wa askari, kwa gharama iliyozidi mno thamani ya mazao. Muda mfupi baadaye Boycott aliondoka Ireland.

Kwa mujibu wa mwandishi wa habari James Redpath, neno hilo lilipendekezwa na padri John O'Malley, aliyeona kwamba istilahi ya kisomi ya kumtenga mtu isingeeleweka na wakulima. Mwanzoni magazeti yaliliandika kwa herufi kubwa na aghalabu ndani ya alama za mtajo, ishara kwamba msomaji bado alimwona mtu nyuma ya neno. Kadiri lilivyopokea viambishi vya wakati na vya mtendaji, alama hizo zilitoweka. Leo, katika maandishi, herufi ya kwanza ndiyo hutofautisha the Boycotts, yaani wanafamilia, na the boycotts, yaani migomo. Katika matamshi tofauti hiyo haisikiki, bali huamuliwa na muktadha.

Jambo la kuzingatia zaidi ni uhusiano wa kiima na yambwa. Jina la Guillotin lilipewa chombo alichohusishwa nacho kama mtetezi wa njia hiyo ya kuua. Kinyume chake, Boycott ndiye aliyetendwa: katika tukio la 1880 yeye ni yambwa, lakini jina lake likawa tendo lenyewe, na kila anayesusia kitu leo hutenda kwa jina la mtu aliyesusiwa.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kususia kumetokana na susa, kitenzi kinachotaja mwenendo wa mwenye kukataa, bila kumtaja mtu yeyote. Hivyo basi, mfasiri wa historia ya Ireland anayeandika "walimsusia Boycott" huwarudishia wapangaji nafasi yao ya kiima, lakini hupoteza ushahidi wa kilugha wa ushindi wao: kwamba jina la wakala liliondolewa mikononi mwake. Uchambuzi wa matini za aina hii unapaswa kulieleza jina pamoja na kitenzi.