Kongresi ya 80 ya Marekani: Bunge Lililoitwa Vivu

Bunge la Marekani, liitwalo Kongresi, lina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na kila kipindi chake cha miaka miwili hupewa namba. Kongresi ya 80, iliyoketi kuanzia Januari 1947 hadi Januari 1949, ndiyo ambayo Rais Harry Truman wa chama cha Democratic aliishutumu katika kampeni za 1948 kuwa haifanyi lolote, na shutuma hiyo imeigandama hadi leo, ingawa si ya haki.

Katika kipindi hicho chama cha Republican kilishika mabaraza yote mawili kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Joseph Martin wa Massachusetts akawa Spika. Katika Seneti, Robert Taft wa Ohio alitawala mijadala ya mambo ya ndani, naye Arthur Vandenberg wa Michigan ile ya mambo ya nje. Vandenberg, ambaye kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitaka nchi yake ijitenge na migogoro ya Ulaya, ndiye aliyewashawishi wenzake wapitishe msaada wa dola milioni 400 kwa Ugiriki na Uturuki mwaka 1947, kisha, Aprili 1948, Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya Magharibi. Julai 1947 ilipitishwa Sheria ya Usalama wa Taifa, iliyounda shirika la ujasusi la CIA na kulifanya jeshi la anga lijitegemee.

Sheria iliyozua uhasama mkubwa zaidi ilikuwa ile ya Taft-Hartley, iliyotokana na migomo ya mwaka 1946 ambayo zaidi ya wafanyakazi milioni 4 walishiriki. Ilipiga marufuku mikataba iliyomlazimu mwajiri kuajiri wanachama wa chama cha wafanyakazi pekee, iliruhusu mahakama kusimamisha kwa siku 80 mgomo unaohatarisha taifa, na iliwataka viongozi wa vyama hivyo waape kwamba si wakomunisti, sharti lililowadhalilisha watu wengi wasio na hatia. Truman aliikataa kwa kura ya turufu, yaani mamlaka ya rais ya kuzuia muswada, lakini Juni 1947 mabaraza yote mawili yaliipitisha tena kwa zaidi ya theluthi mbili.

Lawama inayoistahili Kongresi hiyo ni nyingine: mapendekezo ya Truman ya Februari 1948 ya kuwalinda Wamarekani weusi dhidi ya mauaji ya makundi na kuwahakikishia haki ya kupiga kura hayakupitishwa, na Wademocratic wa Kusini walishiriki kuyazuia.

Katika uchaguzi wa Novemba 1948 Wademocratic waliyatwaa tena mabaraza yote mawili wakiwa wameahidi kuifuta Taft-Hartley. Mwaka 1949 walijaribu, wakashindwa, na sheria hiyo ingali inatumika.