Uhafidhina wa kisiasa (Kilwa na pwani ya Lindi)

Uhafidhina ni msimamo wa kulinda mila, dini na taasisi za urithi, na kuruhusu mabadiliko ya polepole. Katika pwani ya Lindi, hakuna chama kikubwa kilichojiita cha kihafidhina. Serikali ya chama cha TANU ilifuta mamlaka ya machifu, moja ya taasisi hizo za urithi, mwaka 1963. Uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 uliwatenga wakulima na mikorosho yao, ikabaki porini bila kupaliliwa, na mavuno yakaporomoka. Lilikuwa pigo zito kwa urithi wa familia. Hata hivyo, CCM, chama kilichorithi TANU, nacho kina urithi kinaouenzi: Azimio la Arusha la 1967 la ujamaa, ingawa chenyewe kililegeza miiko yake ya uongozi kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Chama cha upinzani cha CUF, kilichoshinda ubunge wa Kilwa Kusini mwaka 2010 na 2015, kilijitambulisha kuwa cha kiliberali.