Kijana Aliyefundishwa Kuhesabu Raha: John Stuart Mill na Historia ya Elimu ya Furaha

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi kuna swali ambalo halikosi: kazi hii ina faida gani kwa jamii? Swali hili ni halali, na makala haya hayakusudii kulifukuza mlangoni. Yanakusudia kulifuatilia hadi Uingereza ya miaka ya 1820, ambako liliulizwa juu ya maisha yenyewe, likakaribia kummaliza kijana wa miaka 20. Umri wetu huo, msomaji mwenzangu.

Kwanza tutazame maneno, maana hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Kiswahili hakina neno moja tu kwa jambo hili. Anasa hununuliwa. Raha huja na kuondoka. Furaha hupanda kwa habari njema. Heri ni pana zaidi: ni maisha yenyewe kwenda vyema. Ndiyo maana watu huagana kwa heri, wala hatujasikia watu wakiagana kwa raha. Aristotle, katika karne ya 4 K.K., alipoandika juu ya eudaimonia hakuwa na maana ya kuchangamka kwa siku moja. Alimaanisha maisha ya mtu atendaye mema kwa muda wake wote. Kwa Kiswahili, huyo alikuwa akizungumzia heri.

Daftari la Bentham

Jeremy Bentham (1748–1832) alikuja na hesabu nyingine. Katika kitabu chake cha 1789 juu ya misingi ya maadili na sheria alidai kwamba binadamu huongozwa na vitu viwili tu, raha na maumivu, na kwamba vyote viwili hupimika. Akatoa vigezo saba: ukali wake, muda wake, uhakika wake, ukaribu wake, uwezo wake wa kuzaa raha nyingine, usafi wake, na idadi ya watu wanaoguswa. Sheria nzuri ni ile inayoleta raha nyingi kwa watu wengi. Kwa hesabu hiyo mchezo wa kitoto wa kusukumana pini ni sawa na ushairi, ilimradi raha zake zilingane.

Tusimcheke haraka. Fikra hii ilikuwa silaha dhidi ya sheria za kikatili na upendeleo wa makabaila. Lakini ilikuwa na upofu wake. James Mill, rafiki wa Bentham, aliandika historia ya India bila kufika huko, kisha akaajiriwa na Kampuni ya India Mashariki iliyoitawala nchi hiyo. Mwanawe John Stuart aliingia ofisi hizo hizo mwaka 1823. Raha ya walio wengi ilihesabiwa na wachache, tena kwa mbali. Hata baadaye, katika kitabu chake cha 1859 juu ya uhuru, huyo mwana aliwatoa kwenye haki hizo watu aliowaona kuwa bado nyuma.

Swali la 1826

John Stuart Mill alizaliwa London mwaka 1806. Hakupelekwa shule, baba yake ndiye aliyemfundisha. Alianza Kigiriki akiwa na miaka 3, na Kilatini akiwa na miaka 8. Alilelewa awe mrithi wa falsafa ya manufaa, na akawa kweli.

Basi mwaka 1826 akajiuliza swali dogo tu. Tuseme mageuzi yote unayoyapigania yametimia leo hii, je, utakuwa na furaha? Moyo wake ukajibu: hapana. Jengo zima likaanguka. Aliendelea kufanya kazi kama mashine, akijiambia kwamba hali ile hataweza kuivumilia zaidi ya mwaka.

Katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1873 baada ya kifo chake, Mill anautambua ugonjwa wenyewe. Alikuwa amefundishwa kuchambua tu, na uchambuzi usio na mlezi hula hisia kama mchwa. Kilichomfungua kwanza hakikuwa hoja. Alikuwa akisoma kumbukumbu za Marmontel, mwandishi wa Kifaransa, akafika pale kijana anapofiwa na baba na kuamua kuwa nguzo ya familia. Akalia. Kumbe hakuwa jiwe! Mwaka 1828 akakutana na mashairi ya Wordsworth, nayo yakamwonyesha kwamba ipo furaha tulivu ambayo watu wote wanaweza kushiriki, bila kumnyang'anya mtu.

Hapa ndipo hoja yetu ilipo. Mwanafunzi bora kuliko wote wa elimu ya kuhesabu raha aliokolewa na kile ambacho daftari lilikiweka kundi moja na mchezo wa pini. Wala hakukitupa alichojifunza. Mwaka 1833 aliandika juu ya maana ya ushairi. Mwaka 1838 akaandika kwamba Bentham alipungukiwa na uwezo wa kuingia katika nafsi ya mtu asiyefanana naye. Na mwaka 1861 akasahihisha falsafa yenyewe kwa kusema kwamba raha hutofautiana kwa ubora, si kwa wingi tu.

Saikolojia yafuata nyuma

Mill alifikia jambo jingine: ukiifuata furaha moja kwa moja, inakukimbia, huipata njiani ukiwa unashughulikia kitu kingine. Saikolojia ilichukua muda kulipima hilo. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake, huko Marekani, waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu wengine 22. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa zaidi, na mambo madogo ya kila siku yaliwapa raha kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2011 Iris Mauss na wenzake waligundua kwamba wanawake waliochochewa kuithamini sana furaha waliifurahia filamu ya kufurahisha kidogo kuliko wengine. Naye Carol Ryff, mwaka 1989, alirudi kwa Aristotle ili kupima maisha yenye maana. Yaani saikolojia nayo imelazimika kutenga raha na heri.

Nyumbani

Sasa je, haya yanatuhusu nini? Tumchukue Kazimoto katika Kichwamaji (1974) ya Kezilahabi. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye elimu ya kutosha kuchambua kila mtu na kila jambo, ila uchambuzi haumpi sababu ya kuishi. Mwisho anajiua. Wapo wahakiki waliomlaumu Kezilahabi kwa kukata tamaa, eti riwaya haioneshi njia. Kwa daftari la Bentham ni hasara tupu. Lakini msomaji anayemaliza riwaya ile amekaa ndani ya nafsi ya kijana ambaye dodoso la kutaja namba kuanzia 1 hadi 10 lisingemfikia. Amejifunza elimu inavyoweza kukausha moyo. Hiyo nayo si faida kwa jamii? Ni faida, tatizo ni kwamba mizani yetu haina jiwe la kuipimia.

Hitimisho

Hatusemi ushairi ni dawa ya kila huzuni, wala hatusemi wanasaikolojia waache vipimo vyao. Tunasema kwamba fasihi ni shahidi katika kesi hii, si pambo la ukumbi. Tunaposaka dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi na kuziorodhesha kama bidhaa stoo, tunarudia malezi ya James Mill. Tuulize pia: kazi hii imetufanya tuhisi nini ambacho hoja isingetufikishia? Wenzangu wanaoshikilia kwamba swali hilo ni la kibepari waje tubishane. Uwanja upo wazi.