Gobori na Mauser Katika Vita vya Songea

Wangoni walipoingia Vita vya Maji Maji mwaka 1905, wengi walishika mikuki na ngao. Magobori yalikuwa machache. Askari wa Wajerumani walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizofyatua risasi moja moja.

Bunduki za aina zote mbili zilitumia baruti nyeusi. Masizi yake huvuta unyevu, na mtutu usiosafishwa hushika kutu upesi. Gobori husukumiwa mdeki wenye kitambaa na maji ya moto, likakaushwa, kisha likapakwa mafuta. Mauser ilirahisisha kazi: komeo lilichomolewa kwa nyuma, mtutu ukabaki wazi pande zote mbili.

Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni katika vita hivyo, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mji wa Songea unabeba jina lake.