Kibali cha Ukumbi: Vyumba, Ratiba na Mikusanyiko katika Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, 1961–1971

Utangulizi

Historia ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeandikwa zaidi kama historia ya mawazo. Wasomi wamejadili namna sheria ya Kiingereza ilivyofundishwa na kupingwa, namna Azimio la Arusha lilivyoingia madarasani, na namna kizazi kimoja cha wanafunzi kilivyojifunza kuisoma sheria pamoja na uchumi wa siasa. Makala haya yanaifuata historia hiyohiyo kwa njia ya chini zaidi, yaani njia ya ufunguo wa chumba. Yanauliza ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba ukumbi fulani, siku fulani na saa fulani, ni wa kundi fulani. Na kundi lililonyimwa ukumbi lilifanya nini. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ugawaji wa vyumba na upangaji wa ratiba ulikuwa, kwa vitendo, sheria ya mikusanyiko ya chuo. Sheria hiyo haikupitishwa na bunge lolote, lakini wanafunzi wa sheria waliishi chini yake kila wiki.

Baraza, shauri na siku ya kukutana

Ni vyema kuanza na jambo ambalo pwani ililijua kabla ya chuo chochote. Mtafiti anaandika akiwa Lugoba, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, katika nchi ya Wakwere ambayo kwa muda mrefu ilitazama Bagamoyo kwa biashara na kwa utawala. Katika eneo hili neno shauri lina maana mbili zisizotengana: jambo linalojadiliwa, na kikao chenyewe kinacholijadili. Wajerumani, ambao makao yao makuu yalikuwa Bagamoyo hadi mwaka 1891, walilichukua neno hilo likiwa zima na kuliingiza katika lugha yao ya utawala. Lililobadilika ni mahali na mwitaji. Barazani, mwenye nyumba huwakaribisha watu na wao huja. Bomani, afisa ndiye aliyeita, naye ndiye aliyeamua kikao kianze lini na nani asubiri nje juani.

Tofauti hiyo kati ya kukaribisha na kuita itatusaidia mbele. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipounganisha mahakama za wenyeji na zile za serikali katika mfumo mmoja wa mahakama za mwanzo, za wilaya na Mahakama Kuu, mtu wa kijijini alikutana na dola hasa kwa njia ya tarehe: shauri lako litatajwa siku fulani, fika. Wanasheria wa kuuendesha mfumo huo katika ngazi za juu ndio waliokuwa wakiandaliwa Dar es Salaam.

Wapangaji wa Mtaa wa Lumumba

Kamati iliyoongozwa na Lord Denning kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika ilitoa taarifa yake mwaka 1961, na katika mwaka huohuo chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam chini ya uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Kilianza mwezi Oktoba, wiki chache kabla ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi 14. Hakikuwa na jengo lake. Kiliwekwa katika jengo la TANU lililopo katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja.

Wanahistoria wengi hulipita jambo hili kwa sentensi moja, kana kwamba ni hadithi ya kufurahisha kuhusu udogo wa mwanzo. Linastahili zaidi ya hapo. Kitivo kilichokusudiwa kufundisha kwamba sheria ina uhuru wake mbele ya wanasiasa kilikuwa mgeni katika nyumba ya chama kilichokuwa kikielekea kushika dola. Sidai kwamba chama kiliingilia mihadhara. Ninachodai ni kwamba suala la nani mwenyeji na nani mgeni lilikuwapo tangu siku ya kwanza, hata kama lilifunikwa na furaha ya Uhuru na kwa kweli na ukarimu wa TANU wenyewe.

Hesabu ya ratiba ilikuwa rahisi mwanzoni. Wanafunzi 14 wa mwaka mmoja hawawezi kugongana kwa vipindi. Mwaka wa pili kuna makundi mawili, mwaka wa tatu matatu, na hapo mwalimu mmoja anayefundisha makundi mawili hulazimika kuchagua saa ambayo si yeye wala chumba chake kina kazi nyingine. Yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya shule anajua kwamba ugumu hauongezeki kwa kufuata idadi ya wanafunzi. Huongezeka kwa kufuata idadi ya mambo yasiyoweza kutokea kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 1963 kitivo hiki kilikuwa ndicho kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kizima, kikipokea wanafunzi wa Kenya na Uganda pamoja na wa Tanganyika. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1964, na mwaka huohuo chuo kikahamia Mlimani, yapata kilomita 13 kutoka katikati ya jiji.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo mpanga ratiba wa pwani hakwepi. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa asubuhi, nayo siku huanza magharibi. Tangazo la Kiingereza linalosema mkutano utakuwa usiku wa siku ya tano ya juma linaeleweka kwa Mganda bila shida. Kwa mtu aliyelelewa Bagamoyo, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuzama. Ndiyo maana watu wenye tahadhari husema Alhamisi kuamkia Ijumaa. Chuo kilichagua saa za Kiingereza katika ratiba zake. Uamuzi huo ulikuwa wa kimatumizi, lakini nao uliamua ni nani aliyelazimika kutafsiri kichwani kila alipotazama ubao wa matangazo.

Mlimani: ukumbi mkubwa na kozi ya wote

Kuhamia Mlimani kulibadili asili ya tatizo. Mjini, kitivo kilikuwa chuo kizima. Mlimani kilikuwa kitivo kimoja miongoni mwa vingi, na kumbi kubwa zilikuwa za chuo, si za kitivo. Mashuhuri kuliko zote ni Ukumbi wa Nkrumah, ambao Watanzania wengi wasiowahi kufika Mlimani waliujua kwa picha iliyo nyuma ya noti ya shilingi 500. Mwanafunzi wa sheria aliyetaka kuandaa mjadala mkubwa sasa alikuwa na mlango mwingine wa kubisha baada ya ule wa Mkuu wa Kitivo.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi mjini kuupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakarudishwa makwao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na Machi chuo kikaitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Kati ya yaliyofuata ni kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa vitivo mbalimbali, ambayo baadaye ilikuja kuwa Taaluma za Maendeleo. Mijadala juu ya kozi hiyo imehifadhiwa vizuri upande wa itikadi. Upande wa ratiba, kozi ya wote ni jambo zito: inadai ukumbi mkubwa kuliko vyote na saa ambayo hakuna kitivo kinachofundisha. Saa hiyo lazima itoke mahali. Kila kitivo kilichoiachia kilikubali, kwa kitendo, kwamba kuna elimu inayotangulia masomo yake. Katika chuo, hakuna tamko la kisiasa linalogharimu zaidi ya kuachia kipindi cha asubuhi.

Wakati huohuo wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi walikuwa wameanzisha chama chao, USARF, mwaka 1967, kikiongozwa na Yoweri Museveni. Walter Rodney, aliyefundisha historia Mlimani mwaka 1966 hadi 1967 na tena kuanzia 1969 hadi 1974, alikuwa karibu nao. Miongoni mwa wanafunzi wa sheria waliohusika alikuwamo Issa Shivji. Madarasa yao ya itikadi yalifanyika siku za Jumapili. Kumbukumbu zilizochapishwa na waliokuwa wanafunzi wakati ule zinaeleza uchaguzi wa siku hiyo kwa tabasamu, kama ushindani na ibada ya kanisani. Mtafiti anauona pia kwa jicho la mpanga ratiba: Jumapili ndiyo siku ambayo vyumba havina mwenyewe. Kundi lisilo na nafasi katika wiki rasmi hujenga wiki yake katika mabaki ya wiki hiyo.

Tukio la Novemba 1968 linaonyesha upande wa pili. Siku ya kuchangisha fedha kwa maskini, ambapo wanafunzi walikusudia kutembeza magari mjini wakiwa wamevalia matambara, ilikuwa desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza, nayo ilikuwa imepangwa na kutangazwa. Wanamapinduzi waliiona kuwa dhihaka kwa maskini. Hawakuomba ukumbi wa kuipingia. Walitoa upepo katika matairi ya malori. Shughuli yenye kila kibali ilishindwa na watu wasio na kibali chochote.

Mwenyeji ni nani?

Novemba 1970, miezi michache baada ya chuo kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea tarehe 1 Julai, USARF ilipigwa marufuku pamoja na jarida lake, Cheche. Kwa kawaida marufuku hiyo husomwa kama kufungwa kwa mdomo. Kiutaratibu ilikuwa pia kuondolewa kwa mwenyeji. Chama kilichofutwa hakiwezi kuandika barua ya kuomba chumba, kwa sababu hakuna wa kuitia sahihi. Watu hawakufutwa, lakini. Wengi waliendelea ndani ya tawi la Umoja wa Vijana wa TANU hapohapo chuoni, na jarida la tawi hilo, MajiMaji, likashika nafasi iliyoachwa na Cheche. Waandishi na wasomaji walikuwa, kwa sehemu kubwa, walewale. Kilichobadilika ni jina lililo juu ya karatasi.

Hapa ndipo tofauti ya barazani na bomani inaporudi. Kabla ya 1970 kundi la wanafunzi liliweza kuwa mwenye nyumba, angalau kwa saa mbili za Jumapili. Baada yake, mkusanyiko wa kisiasa ulihitaji kukaribishwa chini ya paa la chama kilekile kilichokuwa mwenyeji wa kitivo mwaka 1961. Kwamba TYL ya Mlimani ilibaki na uhai na ukali wa hoja ni sifa kwa wanafunzi wale. Si ushahidi kwamba utaratibu ulikuwa huru.

Julai 1971, rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alikamatwa na polisi chuoni kufuatia barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa. Wanafunzi walikusanyika na kususia masomo, na sehemu ya walimu ikawaunga mkono. Walikutana bila kungoja kibali. Kwa siku kadhaa ratiba ya chuo ilikuwa karatasi tu, kwa kuwa ratiba hushikilia watu pale tu watu wanapokubali kushikiliwa nayo. Mjadala uliofuata kuhusu ushiriki wa wanafunzi na walimu katika uongozi wa chuo ulihusu, pamoja na makubwa mengine, swali hili la nani anaruhusiwa kuita kikao.

Kibali au taarifa

Swali hilo lilipata jibu la kimahakama baada ya zaidi ya miaka 20, nje ya chuo. Katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililoamuliwa na Jaji Lugakingira katika Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1994, ilionekana kwamba sharti la kuomba kibali cha polisi kabla ya kufanya mkutano wa hadhara lilikiuka Katiba. Sheria ya polisi sasa inadai taarifa ya saa 48. Aombaye kibali hukiri kwamba mkutano haupo hadi uruhusiwe. Atoaye taarifa hudai kwamba upo, isipokuwa uzuiwe kwa sababu inayoweza kuhojiwa.

Mtu anaweza kupinga kwamba ukumbi wa chuo si uwanja wa umma, kwamba ni mali yenye mwenyewe, yenye viti vya kuvunjika na mihadhara ya kulindwa. Pingamizi hilo lina uzito. Viti ni vichache, na watu wawili hawawezi kupewa ukumbi mmoja saa moja. Lakini uhaba unahalalisha foleni tu; hauhalalishi kumuuliza aliye katika foleni atasema nini akishaingia. Kumbukumbu za muongo huu zinaonyesha jinsi maswali hayo mawili yalivyochanganywa katika barua moja, na jinsi jibu la kwanza, kwamba ukumbi umejaa, lilivyoweza kutumika mahali pa jibu la pili. Ni jibu lisilokatiwa rufaa.

Uhaba wenyewe haujaisha. Sheria iliyoanzisha Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo ilitungwa mwaka 2007, katika urais wa Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga aliyesoma shule ya kati hapa Lugoba. Taasisi ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2008 haikuwa na jengo. Ilianzia katika vyumba vya Mlimani, ikisubiri vipindi vya wenyeji wake viishe.