Kutoka kipande cha shingoni hadi mboni ya jicho

Leo nimetoka zamu ya usiku nikapitia Matonge, hapa Chaussée de Wavre, kusukwa. Msusi wangu, mama wa Bukavu, akaniuliza eti ni kweli Wakenya waliuza macho? Tulicheka, lakini liliniuma.

Babu zetu walivishwa kipande. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, vyote ndani ya kimkebe cha chuma shingoni. Ukitoroka kazi, unasakwa. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi. Kikafutwa 1947.

Mwaka 2023 vijana walijipanga foleni wenyewe pale KICC, Worldcoin ya Sam Altman ipige picha mboni zao kwa sarafu za kama shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe.

Siwalaumu, njaa naijua. Ila mimi muuguzi hata sindano naombea ridhaa, na ridhaa ya kununuliwa siitambui. Kaka, nasikia ulikuwamo foleni. Nipigie Jumapili, sitakugombeza.