Ondoa usumaku kwenye kinasa sauti kabla ya kucheza kanda za zamani

KATIKA nyumba nyingi za Meru na Embu, kanda za kaseti hazijatupwa. Zimo kabatini na sandukuni: nyimbo za Kimeru na Kiembu, mahubiri, sherehe za harusi na sauti za wazee waliokwisha kufariki. Wimbo wa dukani huenda ukasikika tena katika Muuga FM au Wimwaro FM, idhaa zinazotangaza kwa lugha hizo. Sauti ya babu aliyerekodiwa nyumbani haina nakala nyingine.

Ndiyo maana yafaa kufahamu kasoro moja inayoharibu kanda kimyakimya: usumaku unaobaki kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe ndani ya kinasa sauti.

Kaseti, iliyozinduliwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka wa 1963, ina utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 3.81. Utepe huo hupakwa unga wa sumaku, aghalabu oksidi ya chuma, na sauti huhifadhiwa katika unga huo. Baada ya matumizi ya muda mrefu, hedi na vyuma vinavyoongoza utepe huweza kupata usumaku wao wenyewe.

Dalili zake ni mvumo mwembamba unaoongezeka nyuma ya wimbo, na kufifia kwa sauti za juu kama za kayamba na njuga. Usumaku ukizidi, huweza kufuta sehemu ya sauti hizo kila kanda inapochezwa. Kilichofutwa hakirudi.

<b>Anza na usafi</b>

Mara nyingi sauti hufifia kwa sababu ya uchafu, hasa katika maeneo yenye vumbi kama Mbeere. Chovya pamba katika spiriti, pangusa hedi na vyuma, kisha uache vikauke. Gurudumu la mpira lipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo, kwani spiriti huweza kuukausha mpira.

<b>Utaratibu</b>

Kifaa cha kuondoa usumaku huwa na koili inayotumia umeme wa kawaida, ambao nchini Kenya hugeuka huku na huku kwa mizunguko 50 kila sekunde. Fuata hatua hizi:

1. Zima kinasa na uchomoe waya wa umeme.

2. Peleka kanda zote chumba kingine, kwani kifaa hiki hufuta sauti.

3. Washa kifaa kikiwa umbali wa mita moja hivi kutoka kwa kinasa.

4. Kisogeze polepole hadi karibu na hedi, ukipitishe taratibu kwenye hedi na vyuma bila kukwaruza.

5. Kirudishe nyuma polepole hadi umbali wa mita moja, ndipo ukizime.

Hatua ya mwisho ndiyo muhimu zaidi. Ukikizima kikiwa karibu, au umeme ukikatika ghafla, hedi huweza kubaki na usumaku mwingi kuliko awali. Hilo likitokea, rudia kazi yote. Usitumie kamwe sumaku ya spika badala ya kifaa hiki.

Vijitabu vya watengenezaji vilishauri kazi hii ifanywe kila baada ya saa 20 hadi 50 za matumizi.

<b>Pasipohitajika</b>

Wapo wanaouza vifaa vya kuondoa usumaku kwenye CD na nyaya za spika. Msomaji asipoteze fedha zake. CD husomwa kwa mwanga wa leza, na tabaka lake la alumini haligeuki kuwa sumaku ya kudumu. Shaba ya nyaya ni vivyo hivyo.

Hatimaye, vunja vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Kisha, hedi ikiwa safi na bila usumaku, unganisha kinasa na kompyuta, uinakili kanda hiyo ingali hai.